“Ile hela nitumie kwenye namba hii”: kabla hujatuma, soma hapa

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikianza na malipo ya wakulima yakiingia benki, simu za watu wa Tandahimba, Newala na Nanyamba hazipumziki. Matapeli nao huchachamaa. Mteja anafika kwenye kibanda chetu cha uwakala hapa Mtwara mjini, ananionyesha ujumbe: “Ile hela nitumie kwenye namba hii, laini yangu ina shida. Jina litakuja la mwenzangu.” Anataka tuiweke upesi, maana kweli ana kijana chuoni Dar es Salaam aliyeomba ada.

Ndugu mteja, tapeli hakujui. Hajui kama una mtoto chuoni wala kama korosho zako zimeuzika. Anatuma maneno hayohayo kwa namba nyingi, akitegemea hatakosekana mtu aliyekuwa anajiandaa kutuma hela muda uleule. Ndiyo maana hataji jina lako wala kiasi, anasema “ile hela” basi. Mengine yote unayajaza wewe mwenyewe kichwani.

Kwa hiyo kabla hatujaweka hela tunakuomba umpigie mhusika kwa namba uliyoizoea, umsikie sauti. Tutakusubiri hata foleni ikiwa ndefu. Wapo wanaokasirika tukiwaambia hivyo, lakini tapeli akishaitoa hela, kuipata tena ni kazi kubwa, nasi hatupendi kuona jasho la shamba likipotea mezani kwetu.

Kuna na ujumbe wa “umepokea”. Unaandikwa ufanane na wa mtandao, halafu mtu anapiga akilalamika kwamba amekosea namba, ana mgonjwa hospitali, umrudishie haraka. Tazama umetoka wapi: ukiona namba ya simu ya kawaida, huo si wa mtandao. Kisha ingia kwenye menyu uangalie salio. Hata kama hela imeingia kweli, usiirudishe wewe. Mwambie apige 100, mtandao ushughulikie. Na mtu akijiita huduma kwa wateja lakini namba iliyopiga si 100, kata simu. Namba ya siri haiulizwi na mtandao, wala na sisi mawakala.

Zile za waganga na za kujiunga Freemason kila mtu anazijua. Nazo ziripoti.

Naam, ziripoti, maana ukiishia kufuta tu, namba ileile inahamia kwa jirani yako, pengine kwa bibi asiye na wa kumuuliza. Sambaza ujumbe huo kwenda 15040, kisha fuata maelekezo yatakayorudi ili uandike namba iliyokutumia. Kama hela imeshaenda, piga 100 papo hapo, halafu nenda polisi ujumbe ukiwa bado kwenye simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo kwa ajili ya mambo kama haya.

Jambo moja tunalokusaidia bure hapa kibandani: tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, na tapeli hupenda laini yenye jina la mtu mwingine. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kama menyu inakuchanganya, njoo tuipitie pamoja. Ikionekana namba usiyoitambua, sisi hatuna uwezo wa kuifuta. Nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako, waiondoe.