Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu Mlezi wa chama, ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama mliofika, na ninyi mtakaoisoma taarifa hii kwenye simu kwa sababu hamkufika, salamu kwenu nyote.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tumefundisha stadi za nyumbani Jumamosi asubuhi kwa mihula yote mitatu, katika shule 4 za msingi na 2 za sekondari hapa Busia, Uganda, wanafunzi wa P6 na P7 (darasa la sita na la saba), S1 na S2 (kidato cha kwanza na cha pili). Walioandikishwa ni 212, waliomaliza ni 167. Waliopungua wengi ni wa P7, na sababu yake si siri: PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ina karatasi nne, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii, na hakuna hata moja inayomtaka mtoto ashone kifungo. Ikifika Septemba walimu wakuu wanawarudisha darasani hata Jumamosi. Hatugombani nao.

Usafi wa jiko, kufua, kupiga pasi, kuchemsha maharage na kupanga matumizi ya shilingi 10,000 kwa nyumba ya watu watano vimekwenda kama mwaka jana. Somo la maji ya kumpa mgonjwa wa kuhara lilirudiwa kila shule, kwa kuwa mwaka jana tuligundua watoto wanajaza kijiko mpaka kiwe kichuguu. Kipimo ni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Sukari ikizidi, kuhara kunaongezeka. Chumvi ikizidi, mtoto mdogo anaweza kupata degedege. Mwanafunzi anaonja kwanza: yakiwa na chumvi kuliko machozi, anamwaga na kuanza upya. Pia tumewaonya wasichanganye Jik (dawa ya kung'arisha nguo) na dawa ya asidi ya kusafishia choo, maana mvuke wake unachoma mapafu, na wasiingize sigiri ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kuota moto. Hayo yamekwisha.

Sasa mahudhurio. Chama kina wanachama 46 na akidi yetu ni theluthi moja, yaani watu 16. Mkutano wa Aprili walikuja 13. Wa Mei walikuja 9. Wa Juni walikuja 11, na wawili kati yao waliondoka kabla ya kumbukumbu kusomwa. Siku ya chakula cha mchana mwezi Machi tulikuwa 38, sahani zikapungua. Sisemi zaidi.

Kuhusu ada, wahenga walisema ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Kwetu sisi ada ya mja imekuwa kunena kuhusu ada na kutoilipa. Kila mwanachama anatakiwa kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka, kwa hiyo tulitarajia 1,380,000. Waliolipa zote ni 19, waliolipa nusu ni 4, jumla 630,000. Tunadaiana 750,000. Orodha anayo Mweka Hazina na sitaisoma hapa, ingawa nilishauriwa niisome. Nitasema tu kwamba waliolalamika kwa sauti ya juu kabisa kuhusu matumizi ya mwaka huu wanapatikana kwa wingi katika orodha hiyo.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo ambalo najua wengi mmelijia leo. Mkutano mkuu wa Desemba 2024 ulitenga shilingi 900,000 za kununua jiko la umeme la kuokea keki. Fedha hizo hazikununua jiko. Zilinunua cherehani mbili za mguu zilizotumika, kila moja 380,000. Usafiri kutoka Kampala 40,000. Na vitambaa vya Kiyembe, mtaa wa wauza vitambaa Kampala, pamoja na sindano, nyuzi na vifungo 100,000. Jumla ni 900,000 kamili. Risiti zote zipo. Hakuna shilingi iliyoingia mfukoni mwa mtu, na aliyesema hivyo sokoni anajijua.

Imesemwa kwamba sikuwa na mamlaka. Katiba yetu inasema mkutano ukikosa akidi mara mbili mfululizo, Mwenyekiti na Mweka Hazina wanaweza kuidhinisha manunuzi. Tulikosa mara tatu. Wapo wanaodai kifungu hicho ni cha manunuzi madogo. Neno "madogo" halimo. Nimekisoma kifungu mara tatu na Katibu amekisoma mara mbili. Kama mnataka liwemo, njooni mkiwa 16 mliweke.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya kifungu. Niseme kwa nini si keki. Keki ya kilo 1 ya unga inataka siagi ya mkebe nusu kilo, sukari nusu kilo, mayai 10 na baking powder. Darasa letu lina wanafunzi 30 hadi 35. Mmoja anakoroga siagi na sukari, mmoja anavunja mayai, mmoja anachekecha unga, mmoja anapaka mafuta kwenye chombo. Hao ni wanne. Waliobaki wanatazama, kisha wanangoja dakika 50 keki iive, kisha wanakula. Mwalimu akiuliza nani amejifunza, mikono yote inapanda, kwa sababu wameshiba. Na mtoto akirudi nyumbani hana jiko la umeme. Najua keki inapendeza Siku ya Wazazi. Inapendeza sana. Kifungo kilichoshonwa vizuri hakiwezi kuwekwa mezani na kukatwa na mgeni rasmi.

Na anayetaka kufundisha keki hajazuiwa. Sufuria kubwa yenye mchanga mkavu wa sentimita 3, chombo cha keki juu ya mchanga, mfuniko, mkaa kidogo chini na mwingi zaidi juu ya mfuniko. Keki inaungua chini pale tu mtu anapogeuza hesabu hiyo, akaweka mkaa mwingi chini. Gharama yake ni sufuria ambayo mama yeyote anayo.

Kwenye cherehani na sindano ya mkono kila mwanafunzi anagusa kazi. Tulianza na kifungo, maana ndicho kinachoanguka kila wiki kwenye shati la shule. Uzi wa sentimita 60, unakunjwa mara mbili. Wakikata mrefu zaidi ili "wasirudie kutunga", unajifunga mafundo kabla hawajafika katikati. Njiti ya kiberiti inawekwa juu ya kifungo, uzi unapita juu yake mara 5 au 6, kisha njiti inatolewa, kifungo kinavutwa juu, na uzi unazungushwa chini yake mara 3 kabla ya fundo. Nafasi ile ndogo ya njiti ndiyo inayokifanya kifungo kipite kwenye tundu bila kukunja shati. Bila njiti kinabana, kinavutwa kwa nguvu, na mwezi haupiti kimeng'oka pamoja na kipande cha kitambaa.

Cherehani zilifuata. Wiki ya kwanza hakuna uzi wala kitambaa. Mkanda unavuliwa, mwanafunzi anajifunza kukanyaga tu, miguu yote miwili, mmoja mbele kidogo ya mwingine. Kosa la kila anayeanza ni gurudumu kurudi nyuma. Cherehani ikirudi nyuma uzi unakatika na bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) inajisokota. Dawa yake, mkanda ukisharudi, ni mkono wa kulia: unalianzisha gurudumu la juu kwa kulivuta kuelekea kwako, ndipo miguu ifuate. Wiki ya pili mkanda unarudishwa na mwanafunzi anashona karatasi ya daftari, bila uzi, akifuata mistari. Matundu yanaonyesha kila alipotoka nje ya mstari, na karatasi haina gharama. Utaratibu huo wa karatasi niliuleta mimi, na waliocheka mwezi wa Julai sasa wanautumia. Sindano iliyotoboa karatasi hairudi kwenye kitambaa, kwani imekwisha kuwa butu. Tunaziweka kando kwa kazi hiyo.

Wiki ya tatu ndipo uzi unaingia, na hapo matatizo yanakuja kwa makundi. Uzi ukijaa chini ya kitambaa kama kiota cha ndege, usiguse bobini kwanza. Mara nyingi mwanafunzi amesahau kushusha mguu unaokandamiza kitambaa, na uzi wa juu umelegea. Mishono ikiruka, sindano imepinda au upande wake bapa umeelekea pasipo. Kwa pamba ya kawaida tunatumia sindano namba 14, kwa kaki ya kaptula namba 16. Mafuta ni matone mawili kila tundu, kisha unashona kitambaa kibovu kwa dakika mbili. Kundi la shule moja liliruka hatua hiyo ya mwisho na pedi nne za hedhi walizokuwa wakishona zikapata madoa meusi.

Ndiyo, pedi. Kuna wazazi walioandika barua kwamba wavulana hawapaswi kukaa kwenye somo hilo. Barua nimezijibu na nitarudia hapa. Kupanga kitambaa ni hesabu, na wavulana wanaijua hesabu. Flaneli yenye upana wa sentimita 150, ukikata mita 1, na kila kipande kiwe 28 kwa 22, ukilaza upande mrefu kufuata upana unapata vipande 20. Ukigeuza unapata 18. Kundi la kwanza lililogundua hilo lilikuwa na wavulana watatu. Na mvulana anayejua pedi ni nini hawezi kumcheka dada yake darasani. Somo halibadiliki. Mzazi asiyetaka atamwondoa mtoto wake Jumamosi hiyo moja, hatutamuuliza.

Kazi yenyewe: flaneli inafuliwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo itasinyaa baadaye na pedi itajikunja kama jani la mgomba motoni. Juu flaneli, katikati tabaka mbili za taulo kuukuu, chini kitambaa kisichopitisha maji. Unashona ikiwa ndani nje, unaacha mwanya wa sentimita 8, unageuza, kisha unapiga mshono wa juu kuzunguka pande zote. Pini hazitumiki kwenye kitambaa cha chini, kila pini ni tundu na kila tundu linavuja. Tunashika kwa vibanio vya kuanikia nguo. Jaribio ni vijiko vikubwa 2 vya maji, pedi juu ya karatasi nyeupe, kiganja kinakandamiza kwa dakika moja. Tulikata 60, zikapita 51. Tisa zilizofeli ni zile nne za mafuta, tatu za pini na mbili zilizosinyaa. Wanafundishwa pia kuloweka kwenye maji baridi, kwa kuwa maji ya moto yanagandisha doa la damu, na kuanika juani waziwazi. Pedi iliyofichwa chini ya godoro haikauki, na unyevu huo ndio unaoleta kuwashwa.

Ajali ni moja. Mwanafunzi wa S1 alichomwa kidole na sindano mwenzake alipokanyaga wakati yeye anaunganisha uzi. Alihudumiwa, amepona. Tangu siku hiyo mkanda unavuliwa kila uzi unapotungwa, na hakuna watoto wawili kwenye cherehani moja. Waliolitumia jambo hili kusema jiko lingekuwa salama zaidi wakumbuke jiko la moto lina joto la nyuzi 180.

Kwa walimu wa sekondari walio kati yetu: mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unataka miradi, na asilimia 20 ya alama za UCE (mtihani wa kumaliza kidato cha nne) zinatokana na kazi za shuleni, UNEB (baraza la mitihani la taifa) inatoa 80. Walimu wawili wametumia pedi na vifungo kama mradi. Wengine wanaweza. Maelekezo tumeyaandika kwa Kiswahili, na kwa kuwa Kiswahili ni somo la lazima S1 na S2, mwalimu wa Kiswahili naye ana cha kusomesha ndani yake.

Mwaka ujao tunatumaini kuongeza shule, Mungu akipenda, na kupata cherehani ya tatu ada zikilipwa. Tumefikiria sabuni ya maji pia, ingawa kazi ya kemikali na watoto wa P6 inanipa wasiwasi, na chumvi ikizidi kwenye sabuni hiyo inarudi kuwa maji matupu badala ya kuwa nzito. Tutaona. Suala la jiko liko kwenye ajenda namba 6. Anayetaka lirudi alete hoja kwa maandishi, akiwa amelipa ada.

Mweka Hazina amekaa na vitabu mwaka mzima bila posho, namshukuru. Katibu ana ufunguo wa kabati la vitambaa. Mkasi mkubwa wa kukatia, wenye mpini mweusi, ulitoka Septemba na haujarudi. Aliye nao auache kwa Katibu kabla ya Jumamosi.

Mwenyekiti,
Busia, Desemba 2025