Mdogo wangu, saa yako ilisema mama amelala

Mdogo wangu,

Namba yangu umeifungia, ujumbe wangu haufiki, na mkeo nikimpigia ananiambia uko kazini hata usiku wa manane. Kwa hiyo nakuandikia hapa, mbele za watu, mahali ninapojua macho yako yatapita. Wengine watakaosoma wanisamehe.

Nianze na saa, maana hapo ndipo tulipoanza kuvutana, kabla hata ya zile sauti za mama tulizozirekodi. Siku ulipoileta ulimfunga mama mkononi wewe mwenyewe. Ulipiga goti, ukawa unapitisha kidole chini ya mkanda kuona kama unambana. Mama akageuza mkono, akaziona zile taa za kijani zinazomulika kwa chini, akauliza kama hazitamuunguza. Ukamweleza taratibu: damu hufyonza mwanga wa kijani, moyo ukidunda damu huongezeka kidogo chini ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua, basi saa huhesabu huko kupungua. Mama akasema, "Kwa hiyo mwanangu ataona moyo wangu akiwa huko huko aliko." Ukasema ndiyo, mama. Dakika ile sikuwahi kukuona mtoto mwema kuliko hapo, na yote nitakayoyasema chini hayaifuti.

Lakini ulirudi kwako, na kwetu zikabaki namba.

Kila jioni simu ililia. "Mama, leo hatua elfu nne tu?" Ulimsema mtu wa miaka 74 kama mwanafunzi aliyefeli mtihani. Elfu kumi, elfu kumi, kila siku elfu kumi. Nimesoma sana tangu hapo, na nataka ujue kwamba hiyo elfu kumi haikutoka kwa daktari. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliingiza sokoni kifaa kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa. Wataalamu wa Marekani waliowafuatilia wanawake zaidi ya 16,000, wenye wastani wa umri wa miaka 72, waliandika mwaka 2019 kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko wale wa 2,700, na kwamba nafuu hiyo ilikoma kuongezeka karibu na hatua 7,500. Mama alikuwa kwenye elfu nne na kitu. Alikuwa anajitahidi vizuri tu, na wewe ukamfanya ajione mvivu.

Unaikumbuka ile wiki alipofikisha elfu kumi siku tano mfululizo? Ulimtumia makofi, ukaniandikia na mimi, "Unaona? Akisukumwa anaweza." Leo nakwambia alivyokuwa anafikisha. Saa mbili usiku nilimpelekea dawa, nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu imevimba, haigusi sakafu vizuri. Mkono wa kushoto, wenye saa, alikuwa anaupunga mbele na nyuma, mbele na nyuma, midomo ikihesabu. Saa ya mkononi haina habari na miguu, inasikia mkono unavyotikisika tu. Alikuwa ameligundua hilo siku alipofua nguo zake kwa mkono na kuona hatua zimeongezeka naye hajatoka kwenye beseni. Nikamwambia, mama, acha, lala. Akasema, "Ngoja, zimebaki mia sita. Nisimvunje moyo mtoto."

Nilipaswa kukupigia usiku ule ule. Sikupiga. Mama aliniomba nisikwambie, nikamtii, na nadhani ningemtii tena.

Usingizi nao. Siku ile alipokwambia hajalala hata lepe, kifua kinambana akilala chali, ulimjibu, "Mama, hapa naona umelala kwa muda wa saa saba na dakika kumi." Aliposikia hivyo hakukubishia. Alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye wa kuamua kama alilala au hakulala. Saa haiwezi kujua usingizi ulivyo. Wanaopima usingizi kwa hakika hubandika nyaya kichwani wasome ubongo. Saa inakisia kwa mkono uliotulia na mapigo ya moyo, na mzee anayelala macho wazi gizani, ametulia ili asituamshe, kwake huyo amelala. Baada ya siku ile mama hakukwambia tena habari za usiku wake. Alikuwa ananiambia mimi.

Na ile asubuhi alipokuwa anahema kama aliyepanda mlima. Uliona oksijeni ya asilimia 95 kwenye programu yako, ukaniambia nisimsumbue mgonjwa kwa safari ya hospitali. Mdogo wangu, mwezi Desemba 2020 madaktari wa Marekani walichapisha walichokiona kwenye vile vipimo vya kubana kidoleni: kwa wagonjwa weusi vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya vilivyokosa kwa wagonjwa weupe. Navyo husoma kwa mwanga unaopita kwenye ngozi. Na hivyo ni vya hospitali, sembuse cha mkononi. Sikuyajua hayo asubuhi ile. Nilichojua ni midomo ya mama ilivyokuwa. Nikampeleka, na Mungu akatupa naye miezi mitano zaidi.

Katika miezi hiyo ndipo ulipopata wazo la sauti. Lilikuwa wazo zuri, zuri kabisa, na nilikwambia. Hadithi zake zote, nyimbo zake za kubembelezea, ukazisafishe, ukatengeneze kitabu cha kusikiliza ambacho wajukuu watakaozaliwa baadaye watalala nacho. Ulituma maikrofoni na maelekezo kurasa mbili. Mimi ndiye niliyekuwa nazima feni. Mimi nilifunga madirisha, nikawatoa watoto nje, nikaning'iniza mablanketi ukutani ili chumba kisirudishe mwangwi. Tulirekodi mara ishirini na tatu. Kabla ya kila hadithi mama alikuwa anasafisha koo, kisha anagonga mkono wa kiti kwa pete yake, mara mbili, ko-ko, kama anayebisha hodi. Ulisema huo mlio wa pete hutaukata kamwe, ndio utakaofungua kila sura. Nilikuwa nausikia jikoni hata mama akiwa hayupo kwenye kile kiti.

Nilikuomba tuhifadhi kwa MP3. Ulikataa. Ukasema MP3, ili faili liwe dogo, inaondoa vipande vya sauti ambavyo sikio halivijui, na wewe ulitaka hata pumzi zake. Sawa, wewe ndiye fundi wa sauti, sikubishi. Lakini WAV uliyoitaka, faili lisiloondoa chochote, sauti ikipimwa mara 44,100 kila sekunde kwa chaneli mbili, hula zaidi kidogo ya megabaiti kumi kwa dakika moja. Saa nzima ni zaidi ya megabaiti mia sita. Kompyuta yangu ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 128 kwa kila kitu, kazi zangu za ofisini na picha za watoto zikiwemo. Nilikwambia inajaa. Nilikwambia mara mbili, na ujumbe ninao. Ukajibu, "Usijali, zote ziko mtandaoni."

Na mimi nikakuamini. Mazishi yakapita, kompyuta ikagoma kufungua hata barua, na nilikuwa na ripoti ya kukabidhi asubuhi. Nikaona folda ya Sauti za Mama, gigabaiti kumi na mbili. Nikajisemea, hizi ziko mtandaoni, amesema mwenyewe. Nikazifuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Wiki chache baadaye nafasi ikaisha tena, safari hii kule kule mtandaoni, nikaambiwa pipa la taka limejaa. Nikalimwaga.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba folda ile, kwangu, kwako na mtandaoni, ilikuwa folda moja yenye milango mitatu. Nilidhani natoa mzigo chumbani kwangu tu. Kumbe ile huduma kazi yake ni kulinganisha: ukiongeza huku inaongeza kule, ukifuta huku inaelewa umeamuru kufuta kote. Ulipofungua kompyuta yako baada ya miezi miwili, ukiwa tayari kuanza kuhariri, folda ilikuwa tupu.

Sasa nifike pale.

Ulipiga simu ya video. Aliyepokea ni mwanangu, naye akaishika simu mbele yangu kwa sababu mikono yangu ilikuwa na maji. Mama mdogo alikuwepo, shangazi alikuwepo. Nilipoelewa unachouliza nilikaa chini palepale. Nikakwambia ukweli, sikuzunguka. Ukanyamaza muda mrefu, kisha ukaniita kwa jina langu. Hukusema dada. Tangu ulipojua kusema hujawahi kuniita kwa jina, hata tulipogombana utotoni, hata siku niliyokuchapa. Ukaniita kwa jina kama unavyomwita karani, ukasema, "Umemuua mama mara ya pili."

Mwanangu alikuwa ameshika simu. Usiku aliniuliza, "Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

Hilo ndilo lililonishinda kulimeza. Ungenitukana ningelia yakaisha. Ungesema mzembe, ningekubali. Lakini mimi ndiye niliyemgeuza kitandani. Mimi nilijua anahema vipi akiwa salama na anahema vipi akiwa hatarini, bila programu. Uliposema mara ya pili, mbele ya mtoto na mbele ya shangazi, uliacha mara ya kwanza inaning'inia hewani, kila mtu aichukue anavyotaka.

Nilihangaika, uamini usiamini. Nilimpelekea fundi kompyuta siku iliyofuata. Akanieleza kwamba zamani, kwenye diski za kuzunguka, faili lililofutwa hukaa pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na mara nyingi hurudishwa. Diski yangu ni ile isiyozunguka. Hiyo ikiambiwa faili halitakiwi, huanza yenyewe kusafisha nafasi ili ikae tayari kwa kazi nyingine. Alijaribu siku mbili. Akanirudishia ripoti yangu ya ofisini, toleo la zamani, na picha moja ya paka. Nililia pale mezani kwake mpaka akaniletea kiti.

Kwa hiyo nakushauri, kama dada, kwa kazi zako zote unazozifanya: usiite nakala kile kinachofutika pamoja na chenzake. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikae mbali na nyumba. Chomoa diski ukimaliza kunakili, ufungie kabatini. Mwandike mtu mmoja atakayeweza kufungua akaunti zako siku ukiwa haupo, huduma kubwa siku hizi zina mahali pa kufanya hivyo. Mimi sasa nafanya yote hayo. Ungenifundisha wakati ule ningefanya wakati ule. Kurasa mbili uliniandikia za mablanketi na feni na umbali wa maikrofoni na mdomo, na hapakuwa na mstari mmoja unaosema, dada, usifute hapa maana utafuta kote. Wewe ndiye uliyejua, na wewe ndiye uliyeifungua ile folda kwenye kompyuta yangu, ukiwa umekaa kwenye kiti changu.

Nimeisoma tena aya hiyo na nimeiacha. Ndivyo ninavyoona, hata kama kidole kilichobonyeza ni changu.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya niandike wiki hii badala ya kuendelea kununa.

Juzi mwanangu aliniambia kwamba bibi alimwomba amfundishe kitufe chekundu kwenye simu yake, kile cha kurekodi, afanye mazoezi peke yake asituchoshe. Alimfundisha miezi miwili kabla hajafariki. Nikakumbuka usiku nilipokuwa namsikia kupitia ukuta, sauti ya chini, ikisimama na kuendelea. Nilidhani anasali. Nikakumbuka pia, kabla ya sauti, kitu kikigonga mbao za kitanda. Mara mbili. Huo ni usiku ule ule ambao saa yako ilisema amelala kwa muda wa saa saba.

Simu yake iko kwangu, kwenye droo, nimeichaji. Haikuwemo kwenye ile folda, kwa hiyo nilichofuta mimi hakikuigusa. Lakini ilizimika, na ikishazimika haifunguki kwa kidole chake wala kwa uso wake, inataka namba. Tarakimu sita. Nimejaribu tarehe yake ya kuzaliwa, ya baba, yako, yangu, ya mwanangu, ya harusi ya mama na baba. Mara ya sita ikanisubirisha dakika moja. Ya saba, tano. Ya nane, kumi na tano. Nikaiweka chini mikono ikitetemeka, kwa sababu nakujua, simu zote unazotuwekea unaziamuru zijifute mtu akikosea mara kumi.

Namba uliiweka wewe, siku ile ile ya saa. Sijaigusa tena.

Usiiandike hapa. Nifungulie namba yangu uliyoifungia, unitumie tarakimu sita tu kama hutaki kusikia sauti yangu. Sitaifungua peke yangu. Nitaacha simu ilivyo hadi uje, na nikishaifungua mbele yako, kabla hatujagusa chochote, tutanakili kwanza.

Dada yako