Barua ya wazi kwa Meya Zohran Mamdani: mabasi ya bure yalizaliwa kwenye bajeti, yakafia humo humo

Kwa: Mheshimiwa Zohran Kwame Mamdani, Meya wa Jiji la New York

YAH: MIAKA YAKO YA UBUNGE ALBANY NA NAULI YA BASI

Mheshimiwa Meya,

Tunakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Ulizaliwa Kampala mwaka 1991, na baba yako, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970. Hatudhani barua hii itakosa wa kukusomea.

Wengi wanaosoma habari zako kwa Kiswahili wanakujua kama meya tu. Miaka yako mitano ya ubunge Albany, makao makuu ya jimbo la New York, wanaipita juu juu, kana kwamba ulikuwa umekaa kwenye benchi la kusubiri. Sisi tunaona kila kitakachokusumbua kuhusu ahadi yako ya mabasi ya bure ukiwa meya kilikwishakusumbua ukiwa mbunge. Kwa hiyo turudi huko kwanza, kisha tuseme ombi letu.

Maneno yenyewe yana mtego. Tanzania ukisema "mbunge wa jimbo", mtu anamfikiria mbunge wa Temeke au wa Kigoma Mjini. Wewe ulikuwa mjumbe katika bunge la dola zima la New York, yaani mojawapo ya majimbo yanayounda Marekani, lenye mabaraza mawili: Seneti ya watu 63 na Baraza la Wajumbe la watu 150. Eneo lako la uchaguzi, namba 36, ni Astoria na mitaa inayopakana nayo huko Queens, mojawapo ya wilaya za jiji, lenye wakazi wapatao 130,000. Katiba ya New York inamtaka mgombea awe raia wa Marekani, awe ameishi New York miaka mitano na ndani ya eneo lake miezi 12. Uraia uliupata mwaka 2018, na miaka miwili baadaye jina lako likawa kwenye karatasi ya kura.

Lilifikaje hapo? Kwa kawaida anayetaka kugombea Baraza la Wajumbe hutafuta wadhamini 500, wote wapiga kura waliojisajili na chama chake ndani ya eneo lile. Mwaka 2020 ukusanyaji ulianza mwishoni mwa Februari, korona ikaingia, gavana akapunguza sharti hadi asilimia 30 ya idadi ya kawaida na kufunga zoezi Machi 17. Aliyekuwa ameanza mapema alisalimika. Aliyezoea kusubiri wiki za mwisho, mlango ulimfungia nje. Wagombea wa mrengo wako wa kisoshalisti, wenye vijana wa kupita nyumba kwa nyumba tangu siku ya kwanza, walikuwa katika kundi la kwanza.

Kura ya mchujo, ya kumteua mgombea wa chama chako cha Democratic, ilipigwa Juni 23. Uliyempinga, Aravella Simotas, alikuwa kwenye kiti tangu 2011 na hakuwa mbunge mbovu. Naye pia, kwa sadfa, alizaliwa Afrika. Mshindi hakujulikana kwa takriban mwezi mzima, kwa sababu kura za posta zilikuwa nyingi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Mwisho wa hesabu ulikuwa na kura elfu nane na ushei, ukamzidi kwa 400 na ushei. Katika eneo la watu 130,000!

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wanaokusifu hawalitaji. Katika jiji zima, kwenye kura za posta zipatazo 400,000 zilizorudishwa mchujo ule, zaidi ya 80,000 hazikuhesabiwa. Bahasha nyingine hazikuwa na saini kwenye kiapo cha nyuma. Nyingine zilikosa muhuri wa posta, kwa kuwa bahasha zilizolipiwa kabla mara nyingi hupita mashineni bila kugongwa, na sheria ilidai muhuri ili kuthibitisha kuwa kura ilitumwa kabla ya siku kuisha. Mpiga kura hakukosea chochote, kura yake ikatupwa. Baadaye mahakama iliamuru baadhi zihesabiwe, na sheria ikarekebishwa ili mtu aitwe kusahihisha kasoro ya saini. Kiti kinachoamuliwa kwa kura 400 kinaweza kuamuliwa na gundi ya bahasha.

Mwaka 2022 na 2024 ulipita bila kupingwa. Kwa Mwafrika Mashariki maneno hayo yana harufu yake, lakini huko sababu ni ya kawaida tu. Queens ya kaskazini-magharibi ni ya chama kimoja, mchujo umefungwa kwa wasiojisajili na chama, na anayetaka kuhamia chama kingine ili apige kura mchujo wa Juni lazima awe amebadilisha kufikia Februari 14.  

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Wakosoaji wako walirudia sana kwamba katika miaka yote ile ni miswada mitatu tu iliyobeba jina lako iliyogeuka sheria. Ni kweli, na haisemi mengi. Muswada Albany unahitaji kura 76 katika Baraza la Wajumbe, lakini kabla ya hapo unahitaji mwenyekiti wa kamati aupange, Spika auruhusu, na Seneti iwe na muswada wa maneno yale yale, nukta kwa nukta. Mjumbe mpya asiyeongoza kamati hana ufunguo wa mlango hata mmoja. Makubwa hupitia kwenye bajeti, inayozungumzwa na watu watatu: gavana, Spika, na kiongozi wa Seneti. Hata ushindi wako wa 2021 haukupita bungeni. Madereva wa teksi waliozama kwenye madeni ya leseni zao za teksi walifunga kula, nawe ukafunga pamoja nao siku 15 nje ya jengo la jiji, mpaka jiji likakubali Novemba 3 kudhamini mikopo iliyopunguzwa hadi dola 170,000, pamoja na ruzuku ya dola 30,000. Ile ilikuwa dhamana ya jiji. Mkono wa Albany haukuwamo.

Mabasi yalikuwa kitu kingine. Mamlaka ya usafiri, MTA, ni ya dola la New York. Jiji haliimiliki. Ndiyo maana wewe na Seneta Michael Gianaris mliingiza majaribio ya mabasi ya bure kwenye bajeti ya 2023, kwa takriban dola milioni 15. Yakaanza Septemba 24, 2023, ruti moja kila wilaya ya jiji: Bx18 Bronx, B60 Brooklyn, M116 Manhattan, Q4 Queens, S46/96 Staten Island. Hakuna hata moja iliyopita Astoria, na hilo tunalihesabu upande wako.

Matokeo unayajua kwa moyo: abiria waliongezeka asilimia 30 siku za kazi na 38 mwisho wa wiki, na mashambulizi dhidi ya madereva yakapungua kwa asilimia 38.9. Hili la madereva ndilo tunaliona kubwa kuliko yote. Dereva wa New York hana konda. Ugomvi wa nauli unaishia kwake. Lakini ripoti ya MTA ilisema na mengine ambayo kampeni yako haikupenda kuyakariri. Sehemu kubwa ya ongezeko ilitokana na abiria wale wale kupanda mara nyingi zaidi, na mwendo wa mabasi ulipungua kidogo, kwa sababu watu zaidi kituoni ni dakika zaidi mlangoni. Kauli yako ya "haraka na bure" ina mvutano ndani yake. Bure peke yake huleta polepole.

Agosti 31, 2024 majaribio yakaisha. Hakuna aliyeyapigia kura ya kuyaua. Fedha zake zilikuwa za bajeti ya mwaka mmoja, bajeti iliyofuata haikuwa na mstari wake, basi. Hilo ndilo somo tunaloomba ulikumbuke, maana tunaona dalili za kurudia kosa lile lile kwa kiwango kikubwa.

Tazama hesabu ya mamlaka. Mwaka 2020 ulichaguliwa kwa kura elfu nane. Juni 2025, katika mchujo wa kupanga wagombea kwa nafasi, ulimshinda gavana wa zamani Andrew Cuomo kwa asilimia 56.4 dhidi ya 43.6, na Novemba 4 ulipata kura zaidi ya milioni moja. Kura zako zimeongezeka zaidi ya mara mia. Juu ya nauli ya basi, hata hivyo, umepungukiwa: ulikuwa na kura moja kati ya 150 katika baraza linaloweza kubadili sheria, sasa huna hata moja. Ulichonacho ni haki ya kupendekeza wajumbe wanne wa bodi ya MTA, wanaoteuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti. Kodi ya mapato kwa wenye zaidi ya dola milioni moja nayo huwezi kuipandisha bila Albany.

Ombi letu la kwanza, basi, ni kwamba usirudi Albany kuomba mstari wa bajeti. Omba sheria ya kudumu, yenye maneno sawa katika mabaraza yote mawili, na chanzo chake cha fedha kimetajwa ndani yake. Mstari wa bajeti una umri wa miezi 12. Sheria huondolewa na sheria nyingine tu, na mwenye kuiondoa hulazimika kuonekana mchana.

La pili ni hati fungani. Mapato ya nauli yamewekwa rehani kwa wanaoikopesha MTA kupitia hati zake za mapato ya usafiri. Ukifuta nauli ya basi bila kuweka mapato mengine mahali pake kama dhamana, wanasheria wa wakopeshaji watafika kabla ya abiria. Makadirio ya pengo yameanzia dola milioni 652 kwa mwaka, hesabu ya Ofisi Huru ya Bajeti ya jiji, hadi karibu bilioni moja kwa kauli za MTA. Tofauti hiyo ina sababu. Mwaka 2024 karibu nusu ya abiria wa basi hawakuwa wakilipa, wengine hulipia treni kisha huunganisha basi bila malipo, na hakuna ajuaye hakika wangapi wataacha treni wahamie basi. Kabla ya kudai chochote, MTA na jiji wakubaliane hadharani hesabu moja, hata kama haitampendeza yeyote. Mwaka 2023 kiasi kilikuwa kidogo, hakuna aliyejali. Sasa kila anayekupinga atachagua tarakimu yake.

La tatu ni saa. Gavana hutoa bajeti Januari, ana siku 30 za kuirekebisha mwenyewe, mabaraza hutoa misimamo yao Machi, na mwaka wa fedha huanza Aprili 1, ingawa ile ya 2023 ilipita Mei. Mahakama ya Rufani, iliyo ya juu kabisa New York, iliamua mwaka 2004 kwamba wabunge hawawezi kuandika upya maneno ya gavana kwenye miswada ya matumizi. Wanaweza kukata au kuongeza kando. Kisicho ndani ya kabrasha la gavana kufikia Februari kinapanda mlima. Ile siku ya mameya kwenda kutoa ushahidi Albany, wenyewe wanayoiita siku ya kopo la bati, kama kopo la kuombea, ni ya kwenda na andiko la muswada mkononi. Hotuba unazo za kutosha.

La nne halihitaji ruhusa ya mtu. Barabara ni za jiji. Mabasi ya New York yanakwenda wastani wa takriban kilomita 13 kwa saa, na sheria ya jiji ya mwaka 2019 ilidai maili 150 za njia za mabasi zilizolindwa ndani ya miaka mitano. Jenga hizo kwanza, hasa kwenye ruti zitakazofutiwa nauli, na uidai MTA iruhusu abiria kuingia kwa milango yote, kama inavyofanya kwenye mabasi yake ya haraka. Mpangilio ukiwa huo, abiria wakiongezeka asilimia 30 basi halitakwama kituoni. Ukianza na bure kabla ya njia, ripoti ijayo itaandika tena kwamba mwendo umepungua, na safari hii itatumika kukuzika.

Na ruti zisichaguliwe tena kwa mgawo wa moja kila wilaya. Ule ulikuwa mgawo wa kisiasa, tunauelewa, bila huo msingepata kura. Lakini ruti tano zilizotawanyika hazikujenga kundi la abiria la kupiga kelele zilipofutwa. Chukua eneo moja lenye kipato kidogo na mabasi yanayoingiliana, uyafanye yote bure kwa miaka mitatu mfululizo kwa mujibu wa sheria, na wabunge wa eneo hilo wawe ndio wenye muswada. Wao ndio watakaoulizwa mlangoni, Juni ikifika, basi limekwenda wapi.

Muswada ukishapata namba Albany, tutaichapisha hapa pamoja na majina ya walioutia saini.

Wako,
Wafuatiliaji wa siasa za majimbo ya Marekani kwa Kiswahili