Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wapenzi wa Historia ya Reli

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote. Hesabu za chama atazisoma mhazini mwenyewe, na kwa kuwa hali ya michango tunaijua sote, sitamwongezea mzigo. Mimi nitazungumzia kazi iliyotushughulisha kuliko zote mwaka huu: kuandika kwa Kiswahili habari za vichwa vya treni vya mvuke vya aina ya 303, vya shirika la reli la Hungaria, MÁV.

Wapo waliohoji, tena kwa ukali, mbona twende hadi Hungaria ilhali Garratt za daraja la 59, vile vichwa vikubwa vya mvuke vya reli ya Afrika Mashariki, zinatungoja makumbusho ya reli pale Nairobi. Hoja yao ina uzito. Ila za daraja la 59 zilikuwa 34, na wa kuzisimulia bado wapo. Za 303 zilijengwa mbili tu. Isitoshe, vijana wetu wanaosoma Budapest walijitolea kwenda kuiangalia iliyobaki, wakaipiga picha kila upande hadi uvunguni.

Zote mbili zilitoka kiwanda cha MÁVAG, mjini Budapest, mwaka 1951. Mbele zina magurudumu manne madogo ya kuongoza, katikati sita ya kusukuma, na nyuma manne madogo tena. Yale ya kusukuma yana kipenyo cha mita 2, yaani yananipita mimi kimo. Gurudumu la ukubwa huo likizunguka mara moja, treni imesogea zaidi ya mita sita, kwa hiyo mwendo unakuwa mkali bila pistoni kuhangaika kupita kiasi. Magurudumu ya nyuma kazi yake ni kubeba uzito wa tanuru. Makaa mengi ya Hungaria ni ya kahawia, joto lake hafifu. Bila tanuru pana, mvuke hautoshi kuvuta treni ya haraka. Tarakimu ya kwanza ya jina la aina huhesabu ekseli za kusukuma, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili mawili, ndiyo maana hizi zinaanza na 3.

Rasimu ya kwanza iliyoletwa mbele ya kamati iliziita “injini zilizoshindwa”. Niliikataa, na naikataa mbele yenu pia. Njia ya Budapest kwenda Hegyeshalom, mpakani mwa Austria, ilikwisha kuwekewa umeme katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1930, kwa mfumo wa mhandisi Kálmán Kandó. Njia iliyofaa kabisa kwa mashine ya mwendo kama 303 haikuwa tena ya mvuke miaka zaidi ya kumi na mitano kabla mashine yenyewe haijatoka kiwandani. Kwingineko ilikuwapo aina nyingine ya mvuke, 424, iliyoanza kazi mwaka 1924: ekseli nne za kusukuma, abiria inavuta, mizigo inavuta. Nchi iliyotoka vitani ilihitaji punda wa namna hiyo, na kweli 424 ziliendelea kujengwa hata baada ya 303 kukoma. Mafundi wetu wastaafu wanaongeza jambo ambalo vitabu hulipita haraka: mashine mbili peke yake ni taabu karakanani. Kila kipuri ni cha kuchongewa, na moja ikilala, nusu ya kundi imelala. Halafu zikaja dizeli. Mwaka 1963 MÁV ilipokea M61 kutoka Sweden. Hapo mvuke wa treni za haraka ulikuwa unahesabiwa siku.

Iliyosalia ni ile ya pili, 303.002. Ipo kwenye hifadhi ya historia ya reli ya Budapest, iliyofunguliwa mwaka 2000 katika karakana ya zamani ya vichwa vya treni. Picha za vijana wetu zinazunguka ukumbini sasa hivi. Naomba zirudi kwa katibu zikiwa kamili, maana za mwaka jana hazikurudi zote.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza 242, zile nne zilizovikwa bati kichwa hadi mkia katika miaka ya 1930 ili zipasue upepo. Wanaotaka turudi kwa Garratt walete hoja yao leo, baada ya mhazini kumaliza, na tutapiga kura.