Usiwafundishe saa nne asubuhi

Swahiba wangu,

Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Kumbe sasa nawe ni mwalimu wa wafugaji wa samaki wa pwani, na juu yake umetwishwa wale wanaovua kwa kujiburudisha! Umeniomba masomo yangu. Nimeyafunga pamoja na barua hii, ila kabla hujayafungua nikwambie jambo lililonichelewesha sana: tabu haitakuwa masomo, itakuwa saa ya kufundisha.

Mafunzo yangu ya kwanza niliyafanya saa nne asubuhi, ukumbini, picha ukutani. Alikuwepo mzee mmoja mwenye bwawa la mwatiko nyuma ya mikoko. Mchana tukaenda kulitazama. Maji yalikuwa ya kijani, nikayasifu, nikamshauri aongeze mbolea kidogo ili chakula cha asili kiote. Siku chache baadaye alinipigia simu kungali giza. Nilipofika, samaki walikuwa wametanda juu ya maji, midomo wazi, wanahema kama watu waliokimbizwa. Wengine walikwisha geuka matumbo.

Vile vijimea vya kijani vinavyoelea majini na kutoa oksijeni juani, usiku navyo huivuta kama samaki wenyewe. Kwa hiyo oksijeni huwa chini kabisa karibu na mapambazuko. Samaki wengi wa kufugwa hustawi ikiwa miligramu 5 kwa lita au zaidi. Ikishuka chini ya 3, wanateseka. Ningepima saa nane mchana ningeandika kwamba bwawa ni zuri, na kipimo kisingekuwa na kosa lolote.

"Fungua lango, maji mapya yaingie," nikamwambia. Mzee akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, haya ni maji mafu. Bahari haifiki hapa mpaka bamvua."

Hilo halikuwa kwenye picha zangu. Bwawa lililochimbwa juu ufukweni hupata maji mapya wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Mwezi ukiwa nusu ndipo maji huwa mafu, bahari haipandi sana, na mfugaji amefungiwa na maji yake yale yale. Tangu siku ile ratiba yangu hufuata mwezi. Naenda wakati wa maji mafu, saa kumi na moja alfajiri, tochi mkononi, na wafugaji wenyewe wanasoma kipimo. Hapo sihitaji kumshawishi mtu apunguze chakula na mbolea kabla maji hayajafa. Jiandae, wakubwa wako watalalamika kwamba waliohudhuria ni sita tu. Waache walalamike.

Nenda pia na sahani ya Secchi. Angelo Secchi alikuwa padri Mwitaliano, mtu wa kuchungulia nyota, na mwaka 1865 alizamisha sahani baharini kupima uangavu wa maji. Yako ikate kwenye mfuniko wa ndoo, upana wa sentimita 20, ipake nyeusi na nyeupe kwa robo, funga uzito na kamba yenye alama. Ikipotea machoni kwenye sentimita 30 hadi 40, bwawa la mbolea liko sawa. Ikipotea kabla ya 20, asiongeze mbolea, na alfajiri awe macho.

Wavuvi wa burudani ni watu wengine kabisa. Ukumbini hawaji, na wakija wanakuja kukusimulia samaki aliyewaponyoka. Panda chombo chao. Kinachoua samaki wanaowarudisha majini mara nyingi ni kina. Ukimvuta chewa kutoka mita 30, anatoka kwenye mgandamizo mara nne ya ule wa juu, na hewa ya kwenye kibofu chake cha kuelea inavimba kwa kadiri hiyo. Macho yanatokeza, tumbo linasukumwa nje kupitia mdomoni. Wengi hulitoboa wakidhani ndicho kibofu. Halafu wanamtupa, anaelea, ndege wanamaliza kazi.

Mimi nilibeba kreti la plastiki lenye vyuma pembeni, nikaligeuza kifudifudi, kamba juu. Tulimweka chewa chini yake tukamteremsha taratibu. Mgandamizo ulipomrudia alijitokea mwenyewe kwa chini. Kreti lilipanda tupu. Mwenye chombo, aliyekuwa akinicheka tangu tulipong'oa nanga, alinyamaza kidogo kisha akaomba urefu wa kamba. Huko Marekani, kuanzia Januari 2022 wavuvi wa samaki wa miamba katika Ghuba ya Mexico walitakiwa kisheria kuwa na kifaa cha namna hii, au sindano ya kutolea hewa, tayari chomboni. Lakini sheria usiianze nayo. Anza na kreti.

Utakapogombana nao ni kwenye ndoana ya duara. Hiyo hunasa pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa, ila sharti mvuvi asikwanyue mshipi. Avute tu, polepole. Mtu aliyekwanyua tangu utoto mkono wake haukusikii wewe. Mpe siku tatu nne, na umwache apoteze samaki wawili. Kulowesha mikono kabla ya kumshika samaki, ute wake usitoke, hilo wanalipokea upesi.

Tazama mwezi leo usiku. Ukiwa nusu, weka tochi na sahani karibu na mlango, na ukirudi niandikie bwawa la kwanza lilisoma ngapi.

Mwenzio wa tope.