Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tunaomba mafundi wa maabara

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za mhadhiri wa fiziolojia hapa Nairobi. Kazi yangu ya miaka yote ni kuwafundisha wanafunzi wa udaktari jinsi moyo, figo na mapafu yanavyofanya kazi, kabla hawajaruhusiwa kumkaribia mgonjwa. Sasa nakaribia kustaafu, kwa hiyo siombi la kunifaa mimi. Ya mishahara chama chetu kimekwisha kukuandikia, nadhani hata umechoka kuyasoma. Naomba mafundi wa maabara.

Vitabu tunavyotumia vimeandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Vinasema shinikizo la hewa ni milimita 760 za zebaki. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu, na hapa shinikizo ni kama 620, hivyo oksijeni inayoingia katika damu ni pungufu kidogo. Aliyekariri kitabu akipima oksijeni katika damu ya Mnairobi mzima wa afya, anaweza kudhani amepata mgonjwa. Haya hayaingii kichwani kwa mhadhara; mwanafunzi hana budi apime mwenyewe, kwa mashine ambayo mtu ameikagua asubuhi hiyo.

Kila mwaka huwasimulia habari za Sydney Ringer, daktari wa London. Alikuwa akichunguza moyo wa chura katika maji ya chumvi, akiamini yametengenezwa kwa maji yaliyokenekwa, kama yale ya betri ya gari. Kumbe yalikuwa ya bomba! Alipotumia yaliyokenekwa kweli, mapigo yakafifia hadi moyo ukasimama. Mwaka 1883 akaandika kwamba kilichokosekana ni kalsiamu. Dripu zenye jina lake zinatumika wodini hadi leo. Wanafunzi hucheka, kisha huuliza swali ninalolingojea: nani alitayarisha yale maji?

Ni kazi ya fundi wa maabara. Ninakofundisha, fundi aliyekuwa akitutayarishia amestaafu na nafasi yake haikujazwa. Jaribio la moyo sasa ni video ukutani. Sizibezi video, ila moyo wa kwenye video haukosei kamwe. Wa mezani hugoma, huruka mapigo, huleta mchoro usiofanana na wa kitabu, na hapo ndipo darasa linapoanza kubishana. Kwangu ubishi huo ndio udaktari wenyewe.

Basi, unapopitia bajeti ya vyuo, tenga fungu la mafundi peke yake, lisichanganywe na la majengo. Fundi anayekaribia kustaafu apewe mrithi mapema, wafanye kazi pamoja walau muhula mmoja, kwa sababu mengi anayoyajua hayajaandikwa popote. Wakipatikana kabla sijaondoka, Jumamosi zangu ni zao, bila malipo.

Wako mtiifu,
Mhadhiri wa fiziolojia, Nairobi