Vitendo vya Jumamosi: asidi, alkali na metali

Walimu wenzangu, habari za jioni. Tunakutana Jumamosi saa 3 kamili asubuhi, maabara ileile. Mchango ni sh 5,000 kila mmoja, mwisho Alhamisi saa 2 usiku, maana Ijumaa ndiyo siku ya kununua asidi.

1. Asidi ya haidrokloriki nitaichanganya mwenyewe: ml 43 za asidi kali (asilimia 36) ndani ya maji, kisha naongeza maji hadi ml 500. Tafadhali wafundisheni watoto hivyohivyo, asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji. Ukigeuza, joto huchemsha maji papo hapo na asidi inaruka usoni.

2. Zinki tutaipata kwenye betri kuukuu. Leteni za kawaida, ganda lake ndilo zinki. Zile za alkali ganda lake ni chuma. Ganda la zinki likwangueni ule weusi wote na kuliosha.

3. Utepe wa magnesi usuguliwe kwa msasa hadi ung'ae, la sivyo utando wa oksidi unachelewesha mapovu, na mwanafunzi ataandika kuwa ni mvivu kuliko zinki. Misumari nayo msasa, isiwe ya bati. Shaba haitatoa povu kabisa; msiitupe, ndilo jibu lenyewe.

4. Choya kavu, kiganja kimoja kila mtu. Maji yake ni mekundu kwenye asidi, kijani kwenye maji ya chokaa.

Miwani ya kinga ipo 6 tu, mwenye nayo alete.

Naomba kila mmoja ajibu hapa "NAJA" au "SIJI", na aseme analeta nini. Asanteni sana.